Moto wa Mama Mkwe

Ndugu zangu, kulikuwa na mjane mmoja aliyejaliwa wana wanne. Kwao, kijana akioa, mama mkwe humpangia bibi harusi mafiga yake ndani ya jiko la ukoo. Jiko lenyewe ni moja, paa moja, na dirisha la kupitisha mkono tu. Mafiga yakiongezeka, mama huyo hutembea kifua mbele. Nani asingependa kuitwa bibi wa watu wengi?

Zamani moshi ulijua njia ya kutokea. Wakwe walipojaa, wajukuu wakaja mfululizo, kuta zikawa nyeusi tititi, na kuni zikaanza kufuatwa ng'ambo ya mto. Masika yakaingia, kuni zikalowa, na mjukuu mdogo kuliko wote akaanza kukohoa. Akikohoa, mbavu zinaingia ndani. Bibi akampakata. Je, angemzika mtoto huyu?

Akamwita mama wa mtoto, mkwe wa mwisho kuolewa.

"Mwanangu, mchukue mtoto uende kwenu. Tumezidi humu ndani. Moshi utatumaliza."

"Nitakwenda, mama," binti akajibu, macho chini. "Ila mimi leo sijawasha moto, wala wake wenzangu humu. Kuni zimetuishia, tangu jana tunakula kiporo."

"Sasa huu moshi wote ni wa nani?"

Mkwe hamnyooshei mama mkwe kidole.

Bibi akageuka mwenyewe. Pale pembeni, kwenye mafiga yake yeye, gogo bichi zima lilikuwa likifuka tangu alfajiri, chini ya sufuria ya maji ambayo hakuna aliyeyaomba. Maana kwao moto wa mama mkwe hauzimwi. Ukizimwa, watu watasema mji umekufa.

Mnacheka? Na sisi je? Ni kweli tumekuwa wengi, siwafichi. Kila anayezaliwa atataka uji wake, taa yake na safari zake, na vyote hivyo vina moshi. Tupange uzazi, tusione haya. Hewa ya ukaa ikipanda haina pa kwenda, anga ni paa moja. Lakini mbona tukitafuta nani amezidi, tunaanza na jirani mwenye watoto saba na kibatari kimoja? Kwako mko wawili, taa zinawaka mchana kweupe, na gari linaunguruma nje likikungoja umalize chai!

Yule bibi alisimama na mtoto kifuani, akilitazama gogo lake. Watu watasema nini? Mtoto akakohoa tena.

Ndugu zangu, maji ya kuuzimia moto ule yalikuwa palepale, ndani ya sufuria yake.