Siku Niliyomwonyesha Tai Hewa ya Bwawani

Zamani za kale, wajukuu zangu, mbawa zangu zikiwa bado nyeusi za kung'aa, sisi mbayuwayu tulikaa kwenye genge refu la mawe mekundu. Kila nyumba ilikuwa na jiko na mkeka wake, na asubuhi tuliazimana moto mlango kwa mlango. Laiti mngeliona genge lile.

Siku moja Tai akaja kutuambia tuhame. Alisema mahali pale panamfaa yeye na rafiki yake Tumbusi. Wazee wetu wakamsihi sana, mwishowe akakubali tushindane: kutoka gengeni, kuzunguka kilima cha mbali na kurudi, kwa kuelea tu. Atakayepiga bawa hata mara moja ameshindwa. Korongo ndiye aliyekuwa mwamuzi.

Bingwa wetu alikuwa babu yenu, lakini wiki ile bawa lake lilikuwa limeteguka, ikabidi niende mimi. Akanikalisha jikoni, akaniambia, "Usitafute upepo. Watafute wadudu. Wanapopanda wao, hewa ya moto inapanda nao."

Korongo akalia, nasi tukajitupa. Fyuuu!

Juu ya majani yaliyoungua niliona wadudu wakipanda. Nikazunguka hapo, nikainuka polepole mpaka genge likawa dogo kama chungu. Moyo wangu ulikuwa mwepesi, sijui niwaelezeje. Lakini Tai na Tumbusi waliniona, wakaja, wakanipita kwa mbawa zao ndefu, wakaenda zao. Ikawa hivyo kila nilipopata hewa nzuri.

"Endelea kututafutia, mama," Tai akaniambia.

Tulipozunguka kilima, nilikuwa wa mwisho. Wao walikuwa mbele, lakini wameshuka sana, na walikuwa wakigeuka kila mara kuangalia nimepata nini. Hapo ndipo nilipong'amua kwamba hawakujua kutafuta wenyewe.

Chini yetu kulikuwa na bwawa la mafunjo, hewa yake baridi. Nikaanza kuzunguka juu yake, nikifungua mdomo na kuufunga, kwap, kwap, kama ninayekula wadudu. Hapakuwa na hata mmoja. Nami nilikuwa nashuka.

Wakageuka wote wawili, wakaja chini yangu.

"Mbona tunashuka?" Tumbusi akauliza.

"Hewa yenyewe inaanzia chini, Bwana Tumbusi," nikamjibu. "Shukeni kidogo mtaikuta."

Wakashuka. Mimi nikateleza taratibu hadi kwenye miamba iliyochomwa na jua ng'ambo ya bwawa. Wadudu wakanigonga usoni, na hewa ikanibeba. Nyuma yangu nikasikia pu, pu, pu! Tai alikuwa akipiga mbawa, mafunjo yakimkwaruza tumbo, na Tumbusi alikwisha kutua topeni. Korongo, aliyekuwa akitufuata kwa juu, akatangaza kwamba wote wawili wameshindwa.

Nikaelea peke yangu hadi nyumbani. Babu yenu alikuwa amesimama ukingoni, bawa lake limefungwa kitambaa. Alinisogezea nafasi mkekani, tukakaa pamoja tukilitazama genge letu lote likipika chakula cha jioni. Miaka mingi imepita tangu anitoke, na mimi bado hulala upande mmoja wa mkeka.

Basi, wajukuu zangu: anayetegemea macho ya mwenzake, ipo siku ataongozwa topeni.