Mpira wa Njia ya Kisimani

"Kama mpira huu ni wenu, mbona mkono ukiugusa ni kosa?"

Swali hilo liliulizwa mbele ya Jumbe na mji mzima. Wanaume wakaangalia kucha zao. Jumbe akakohoa, na hakuwa na kikohozi. Lishikeni swali, tutalirudia.

Mpira natoa!
— Toa tupokee!
Kwa mkono?
— Kwa mguu!

Hapo kale, mbuzi wakiwa bado wanaamkia watu, kulikuwa na mji uitwao Mavumbini. Kisima kilikuwa mbali, na njia yake ilipita katikati ya uwanja mpana. Wasichana waliteka maji asubuhi, waliteka mchana, waliteka jioni. Na wanaume? Wao walikuwa na kazi nzito ya kukaa.

Siku moja msichana Kidawa akatupa chini ngata yake kuukuu, kile kitambaa cha kuviringisha kichwani chini ya mtungi. Akaipiga teke. Wenzake wakaipokea kwa miguu. Wangeipokea kwa nini, na mikono imeshika mitungi? Wakaipiga hadi nyumbani. Mwenzao Mashavu alikuwa amevunja mtungi wake, mikono iko bure, wakamwambia, "Wewe simama kati ya yale mawe mawili, uzuie." Na aliyetangulia mbele kuvizia, kama anavyoruka foleni kisimani, wakamrudisha: "Umeotea, shoga."

Mmesikia? Sheria zote hizo zilitungwa na watu wenye maji kichwani.

Wanaume wakaona. Wakacheka. Wakachukua. Ngwali, mwana wa Jumbe, akasimama uwanjani kifua mbele. "Kuanzia leo mpira ni wa wanaume, na uwanja ni wa mpira. Nyie piteni kule."

Kule kulikuwa na miiba, na mwendo mara mbili.

Kidawa akaenda kwa Jumbe, akauliza lile swali. Kikohozi mnakijua. Basi Kidawa akasema, "Tucheze mara moja, kama mpira ulivyoanza. Kila mtu na mtungi wa maji kichwani. Anayevunja mtungi akasimame golini. Watakaofunga kwanza, njia ni yao."

"Mtungi tu?" Ngwali akasema. "Mama yangu anaubeba kila siku."

Mama yake alikuwa amesimama pale pale. Hakucheka.

Wanaume wakaazima mitungi ya mama zao, mchezo ukaanza. Wa kwanza akarusha teke, mtungi pwaa. Golini. Wa pili akageuka kumcheka wa kwanza, pwaa. Golini. Ngwali akasema, "Nitazameni mimi," pwaa. Golini. Haukupita muda timu nzima imejaa golini, bega kwa bega kama ndizi kwenye chane. Hata panzi hapiti.

"Haya, fungeni tuone," Ngwali akatamba.

Kidawa akaukanyaga mpira, akatulia. Jua likapanda, hakupiga. Jua likawaka, hakupiga. Jua likakaa utosini, hakupiga. Wasichana walisimama tu. Kusimama na mtungi walishafundishwa na foleni ya kisima. Maji yao yalikuwa kichwani. Ya wanaume yalishanywewa na vumbi.

Akatoka mmoja golini. "Dada Kidawa, funda moja tu." Akapewa.

Akatoka wa pili. "Shemeji yangu."

"Tangu lini?"

"Tangu kiu." Akapewa.

Wakatoka, wakatoka, akabaki Ngwali, midomo imepauka. "Kidawa, mwana kwetu, sisi si ni majirani?"

"Njoo unywe, jirani."

Akaja. Alipoinama kukinga viganja, Kidawa akausukuma mpira kwa ncha ya kidole cha mguu. Ukaenda polepole, kama kuku anayerudi bandani. Ukaingia.

Jumbe akakohoa tena, akasema njia ni ya wasichana, na mpira pia. Wanaume wakaomba nao wacheze, ila bila mitungi. Wakaruhusiwa. Sheria ya mikono ikabaki vile vile. Ndiyo maana mpaka leo mwanamume akiwa uwanjani hajui mikono yake ina kazi gani, anampungia refa tu.

Filimbi imelia, ngano imetoka nje ya chaki. Anayesema nimeotea, akateke maji kwanza ndipo tubishane.

Na wewe kaka uliyekaa hapo mlangoni, mazoezi yetu wasichana yanaanza sasa hivi. Naomba unipokee hii ndoo.