Joho la Idi na Hamsini katika Mia

Hapo zamani, kabla watoto hawajaanza kulizwa na hesabu za asilimia darasani, mji wa Shungi ulikuwa na sultani jina lake Harithi, aliyejiona bingwa wa hesabu kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumsahihisha. Ghala ya mtama ilikuwa yake, na kila nyumba ikipata pishi nane kwa mwezi. Mwaka mmoja mvua zikawa haba, akapunguza hamsini katika kila mia, zikabaki pishi nne. Mavuno yalipokuwa mema akatangaza, "Nilipunguza hamsini katika mia, leo naongeza hamsini katika mia. Kila mtu amerudishiwa chake chote." Waziri Sefu akaitikia, kama alivyoitikia kila kitu, watu wakapiga makofi, wakarudi makwao na pishi sita.

Basi palikuwa na mshonaji fukara, fundi Msabaha, ambaye chungu chake hakikujaa tena, na watoto wake wanne wakawa wanagombania ukoko. Akasema sokoni kwamba pishi mbili zimepotea njiani. Maneno yakafika kwa Sultani, fundi akaitwa.

"Ewe Msabaha, wasema mimi ni mwizi?"

"Hasha, bwana wangu. Nasema chungu changu hakijai."

"Hamsini ilitoka, hamsini imerudi. Kilichopungua ni kipi?"

"Iliyotoka, bwana, ilikatwa kwenye kingi. Iliyorudi imepimwa kwa kichache."

"Hamsini ni hamsini," akadakia Waziri.

Sultani akanena, "Nakupa hadi siku ya Idi. Nithibitishie mbele ya watu, wala usilete punje ya mtama wala kipimo cha pishi. Ukishindwa, wewe na mkeo na wanao mtahama mji huu."

Msabaha akarudi nyumbani miguu mizito, akamweleza mkewe, Bi Tatu. Bi Tatu akafikiri, kisha akamwuliza, "Joho la Sultani la Idi analishona nani?"

"Mimi."

"Basi kalishone, baba. Ila lishone kwa hesabu yake."

Ilikuwa desturi ya Shungi kwamba asubuhi ya Idi Sultani huvishwa joho jipya la hariri barazani, watu wote wakitazama, na joho hilo hushonwa shibiri nane, toka begani hadi kisiginoni. Basi siku ikafika, Sultani akanyoosha mikono, akavishwa. Joho likaishia karibu na magoti, na kanzu ya ndani ikaning'inia chini yake, akawa kama mtu aliyeazima nguo ya mdogo wake. Watu wakaanza kucheka chini chini.

"Msabaha, umeniibia kitambaa."

"Hasha, bwana wangu. Nilikata shibiri nane. Kisha nikapunguza hamsini katika mia. Jana nikaongeza hamsini katika mia. Umerudishiwa joho lako lote."

Sultani akamgeukia Waziri. "Sefu, joho hili ni kamili?"

Waziri akatazama dari. Akisema ndiyo, bwana wake atazunguka mji hivyo. Akisema siyo, ameikana hesabu aliyoiitikia mwenyewe. Akajibu, "Upande wa mabegani, bwana, ni kamili kabisa."

Hapo kicheko hakikuzuilika tena.

"Lilipokuwa shibiri nne," Sultani akamwuliza Msabaha, "uliongeza ngapi?"

"Mbili, bwana. Ndiyo hamsini katika mia ya nne."

"Na ili lirudi nane, ungeongeza ngapi?"

"Nne juu ya nne. Mia katika mia."

Sultani akajitazama miguuni, akaona aibu. Kisha naye akacheka, maana hangeweza kuuchapa viboko mji mzima. Akaamuru ghala ifunguliwe, kila nyumba ipate pishi zake nane.

"Nawe, Msabaha, kwa werevu wako, mali yako yote naiongeza mia katika mia."

Waziri akapiga makofi. Msabaha akaugeuza mfuko wake nje, haukuwa na kitu. "Bwana wangu, mia katika mia ya huu ni huu huu. Kwanza tia kitu, ndipo uongeze."

Safari hii Sultani hakumwuliza Waziri. Alihesabu mwenyewe kwa vidole, akaagiza Msabaha apewe gunia zima la mtama. Na zile shibiri mbili za kitambaa kilichobaki, hakuna aliyethubutu kuziulizia. Idi ile watoto wanne wa fundi Msabaha walivaa kofia za hariri ya Sultani.