Mjumbe Aliyebaki Ndani

Alikuwako mwenye pantoni mmoja aliyechaguliwa kuwa mtunga sheria kwa sababu hapakuwa na mwingine aliyejulikana na kila mtu. Jina lake Obadia. Ilikuwa huko Amerika, karne ya kumi na tisa, katika nchi mpya ya mpakani ambayo bado haijahesabiwa kuwa jimbo. Ilikuwa na mto mmoja, theluji nyingi na watu wakaidi. Obadia alikuwa amezunguka mito mingi kabla ya kutua kwenye ule. Nywele zilipoanza kumpungua kichwani aliunga magogo, akafunga kamba kutoka ukingo hadi ukingo, akawa anavusha watu na ng'ombe. Alipenda kusema kwamba yeye ni msafiri kuwapita wote, maana kila siku husafiri na kila jioni yuko palepale.

Alikwenda barazani na haja moja tu. Alitaka sheria ya kukataza njia nyingine yoyote ya kuvuka mto ule, apate kuzeeka akila jasho lake bila mshindani. Mkewe Tamari alimfungia mkate na nyama kavu, akamwambia, "Usirudi bila hiyo sheria, Obadia. Mzaha hauliwi."

Baraza lilikutana katika ghala la fundi mapipa, penye jiko moja la chuma. Juma la kwanza, mjumbe mwenye kinu alipitisha sheria kwamba ngano yote isagwe kwenye kinu kimoja, na kinu chenyewe kikawa chake. Wenzake waliposhtuka walikuwa wamekwisha kunyoosha mikono. Wakaifuta kwa hasira, wakaweka kanuni: mjumbe atakayefaidika na muswada atoke nje mpaka kura ipigwe. Waliipenda sana kanuni hiyo. Tangu hapo, kila muswada uliposomwa, mmoja alijifunga skafu akatoka, na wengine wakamcheka huku wakisogea karibu na jiko. Hakuna aliyefikiri kuandika ni wangapi lazima wabaki.

Ndipo watu wa ng'ambo ya mto wakaleta muswada wa daraja. Obadia alielewa mara moja: daraja likisimama, pantoni yake itakuwa kuni.

Spika Lemueli akauliza nani atakayefaidika. Mwenye kinu alisimama upesi kumwonyesha kidole mwenye duka, kwamba bidhaa zake zitavuka bure. Mwenye duka akatoka, lakini alipofika mlangoni akageuka. "Na unga wako wewe, utaruka?" Mwenye kinu akatoka. Mfuga ng'ombe akatoka. Mwanasheria alikuwa na wateja ng'ambo, mhubiri alikuwa na waumini, na waliobaki kila mmoja akawa na shemeji au shamba. Mwishowe spika mwenyewe akashika kofia yake, kwani alikuwa akimchumbia mjane wa ng'ambo na hakuna asiyejua. Obadia naye akainuka.

"Wewe unakwenda wapi?" spika akamuuliza.

"Nami nina langu katika jambo hili, Bwana Spika."

"Kanuni inasema mwenye faida. Wewe una hasara. Keti."

Mlango ukafungwa. Ndani wakabaki Obadia, jiko, na karani, ambaye hakuwa mjumbe bali aliajiriwa kuandika.

Obadia akavuta kiti mpaka penye moto, kicheko kikimpanda kooni. Maishani mwake hakupata kushinda kitu kwa urahisi namna ile. Karani akausoma muswada tena kwa sauti ya kuhutubia ukumbi uliojaa, kisha akasema, "Wanaokubali waseme ndiyo."

Obadia akasogeza miguu kwenye moto. Kupitia mbao za ukuta aliwasikia wenzake wakikanyagakanyaga theluji na kukohoa. Sauti ile aliijua. Kila mwaka barafu ilipopasuka mtoni na pantoni ikashindwa kwenda, watu walisimama ng'ambo vivyo hivyo, wakipigapiga miguu chini, wakimwita kwa jina. Mwaka mmoja mwanamke alishikwa na uchungu kulekule ukingoni, ndani ya gari la ng'ombe, na mkunga yuko upande huu, kando ya Obadia. Mkunga alikuwa na sauti ya kunong'ona, kwa hiyo Obadia ndiye aliyepaza maagizo juu ya maji, akiyachanganya na amri alizozoea kuwapigia nyumbu wa kukokota magari. Mama akapona, na mtoto akapona. Kisa hicho alikuwa amekisimulia katika kila nyumba ya wageni ya njiani, na kila mara yeye ndiye aliyetangulia kucheka. Sasa alikikumbuka pasipo mtu wa kumsimulia, naye hakuona panapochekesha.

"Wanaokubali," karani akarudia.

"Ndiyo," Obadia akasema. "Andika upesi, kabla akili hazijanirudia."

Akawafungulia mlango. Wakaingia na barafu kwenye ndevu, wakimtazama usoni kama jamaa za mgonjwa wanavyomtazama daktari. Karani akasoma: kura moja ya ndiyo, ya kupinga hakuna. Hakuna aliyeshangilia. Mwenye kinu alipita mbele ya jiko bila kusimama, akaenda kuketi mlangoni penye baridi, macho chini.

Nyumbani, Tamari alisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni. "Ulikwenda kuilinda kazi yako," akasema, "ukarudi umejifukuza."

"Na hakuna aliyepinga," Obadia akasema.

Tamari akachukua sahani. Kisha akampakulia maharage, akamwekea juu yake kipande cha nyama kilichokuwa cha kesho. Obadia akala kwa raha ambayo hakuweza kuieleza, akafikiri kwamba mtu aliyekwisha kuhama mito mingi hashindwi kuhama na mmoja zaidi.

Basi ninyi mnaosikia: kama leo wote wenye kufaidika wangeombwa kutoka nje ya kikao chenu, nani angebaki ndani, naye angesema nini?