Kiboko Alivyoilima Ngwe ya Pimbi

Jamani, mpo?

Tupo, tupe!

Mmekaa sawasawa?

Tumeshakunja miguu!

Basi paliondokea Kiboko, mwenye shamba la mahindi, na Pimbi, kibarua wake. Mnamjua Pimbi? Kile kinyama cha majabalini, hata kwapani kinaenea! Kila asubuhi Kiboko alimpimia ngwe, yaani kipande cha kulima siku hiyo. Na kila asubuhi alikisogeza mbele kigingi cha mwisho wa ngwe, kazi ikaongezeka. Tamaa hiyo! Yeye mwenyewe kazi yake kula na kulala. Akiinuka, heeeh! Akikaa, heeeh!

Pimbi alikuwa hoi. Jioni binti yake Sikujua akimwambia, "Baba, nibebe," yeye humjibu, "Kesho, mama," kisha anasinzia na tonge mdomoni. Kesho yenyewe haikufika. Ilimuuma sana.

Siku moja akasema, "Bwana mkubwa, mbona unanipunja kazi? Mwenye nguvu ni wewe. Anza kulima hapa tulipo, na pale utakapochoka ndipo ngwe yangu iishie."

Kiboko akacheka, tumbo tiki tiki. "Leo utakoma, wewe!"

Akalima, chwa! chwa! chwa! Pigo la saba, heeeh! Akakaa kitako.

"Ngwe yangu ndiyo hii?" Pimbi akauliza kwa adabu. Akavunja mabonge mawili matatu, akaaga.

"Kesho utaniona!" Kiboko akafoka.

Alfajiri Kiboko akakimbia kuzunguka bwawa kujizoeza, pu! pu! pu! Akalima, chwa! chwa! chwa! Pigo la ishirini, heeeh!

"Pole, bwana. Lakini jirani yako Nyati angefika pale kichuguuni."

Loo! Kesho yake pu! pu! pu! Chwa! chwa! chwa! Akafika kichuguuni. Mwezi haujaisha, anafika mtoni bila hata heeeh moja. Tumbo limekwenda zake, usingizi mtamu, analima huku anapiga mluzi.

Hapo akili ikamjia. "We Pimbi! Mbona ngwe yako nailima mimi?"

Pimbi akamfikiria Sikujua. Akanyoosha mkono taratibu. "Kweli, bwana. Lete jembe nilime mwenyewe."

Kiboko akalikumbatia jembe. "Thubutu! Hili langu. Wewe nenda kwa mwanao!"

Pimbi akaenda mbio. Jua lilikuwa bado juu. Akamweka Sikujua mgongoni, wakazunguka majabali yote mpaka mtoto ndiye aliyechoka.

Hadithi imefika kwao, imevua viatu. Funzo lake: wenye mashamba, msifanye mazoezi hata siku moja. Mtaipenda kazi, na vibarua wenu watapata raha!