Kila Kinywa, Mzigo Mmoja

— Masikio yenu mabakuli?
— Mabakuli, tena matupu.
— Nimimine?
— Mimina mpaka yafurike.

Basi kulikuwa na kiangazi, na katika nchi ile lilibaki bwawa moja tu. Ndani yake alikaa Kiboko, mnene, mvivu, asiyetaka kutoka kwenda kula. Akatoa sheria: "Kila kinywa kitakachogusa maji yangu, mzigo mmoja wa majani mabichi. Mkubwa mzigo mmoja, mdogo mzigo mmoja. Hiyo ndiyo haki sawa."

Haki sawa, ati. Nyati anakunywa gubu-gubu-gubu mpaka tumbo linacheza, mzigo mmoja. Bi Digidigi, mama mwenye miguu kama vijiti, anakunywa glu, basi, mzigo mmoja. Na mzigo wenyewe unamzidi kimo.

Siku ya kwanza alibeba. Siku ya pili akaburuta. Siku ya tatu hakufika, na mtoto wake akalala kivulini, ulimi umekauka kama gome.

Hakuwa peke yake. Wanyama wakapungua. Kiboko akamuuliza mshauri wake, Yangeyange, ndege mweupe aliyeishi mgongoni mwake bila kulipa hata jani.

"Majani hayatoshi. Nifanyeje?"

"Hesabu nyepesi, Mheshimiwa. Kwa mzigo mmoja walikuja ishirini. Sema mizigo miwili, utapata arobaini."

Kiboko akapandisha. Wakaja wanane. Akapandisha tena. Wakaja watatu. Wakipungua, anapandisha. Akipandisha, wanapungua. Na Yangeyange huko juu anasema, "Subiri kidogo, Mheshimiwa. Hesabu haikosei, wanyama ndio wanaokosea."

Bi Digidigi akaenda kwa Tembo.

"Mzee, wewe bwawani unakunywa kwa nini?"

"Kwa sababu nina kiu, binti yangu."

"Siulizi sababu. Maji unayavuta kwa kitu gani?"

"Kwa mkonga."

"Na mkonga ni kinywa?"

Tembo akautazama mkonga wake kana kwamba ndiyo kwanza wanakutana.

"Mkonga ni pua," akasema taratibu. "Mizigo yote ile, kumbe nilikuwa nalipia pua."

Wakapatana. Tembo achote, akamwage kwenye shimo la mwamba kule juu. Anayekunywa ampe majani ya kujaa mdomo wake mwenyewe: Nyati mdomo wa Nyati, Digidigi mdomo wa Digidigi.

Asubuhi Tembo akashuka bwawani, fyooo. Akapanda mwambani, mwaaa. Akashuka, fyooo. Akapanda, mwaaa.

"Mizigo yangu iko wapi?" akauliza Kiboko.

"Kinywa hakijagusa maji, Mheshimiwa," akajibu Bi Digidigi kutoka ukingoni. "Ni pua tu. Isome sheria yako."

Kiboko akamgeukia mshauri. "Pua tuliiandika?"

"Hatukuiandika."

"Sasa?"

Yangeyange akalitazama bwawa, akamtazama Tembo, akaruka pruu hadi mgongoni mwa Tembo.

Fyooo, mwaaa. Kule juu mtoto wa Digidigi akanywa glu, akapumzika, akanywa glu tena, akasimama. Kule chini maji yakamfika Kiboko tumboni, yakamfika magotini, mwisho likabaki tope na maji kidogo katikati. Jua likamchoma mgongo mpaka ngozi ikalia ta, ta.

"Inatosha, jamani," akasema. "Nimeifuta sheria. Kila mtu anywe."

"Na majani yako?" akauliza Bi Digidigi.

"Nitajitafutia."

Akatoka, di, di, di. Majani ya karibu yote alishaletewa akayamaliza, kwa hiyo akatembea, akatembea, akavuka vilima viwili. Huko ndiko alikojua mzigo mmoja ni mwendo gani.

Ngano imekaa kitako hapo. Mwenye kubisha anyooshe mkono. Funzo lake ni hili: wakubwa na wadogo walipe sawasawa, mshauri asiulizwe hesabu zake, na wewe mwenye kinywa kidogo, tafadhali, usisome sheria. Utawapa wakubwa taabu ya kutembea.