Kobe Yumo Kisimani

"Paukwa."

"Pakawa."

Mbona sauti nyembamba hivyo, mmefunga? Paukwa.

"Pakawa!"

Haya, sasa mmeshiba.

Hapo kale wanyama walikuwa na ukumbi wa michezo. Mwenye ukumbi Fisi. Mchezaji Kasuku. Na watunzi? Nyuma ya pazia: Nungunungu, Buibui na Panya. Wao walitunga, Kasuku akasema, watazamaji wakacheka, sifa akapokea Fisi.

Nungunungu alikuwa na mama. Kila akimwambia mchezo ule ameutunga yeye, mama humjibu, "Mwanangu, mbona hutajwi?" Neno hilo lilimchoma kuliko miiba yake mwenyewe.

Siku moja watunzi wakaafikiana: majina yetu yatajwe jukwaani, yote, au hatutungi. Wakampelekea Fisi. Fisi akacheka, hwe hwe hwe, mpaka akapaliwa. Basi, kalamu chini. Na desturi yao, mwisho wa mchezo hutungwa asubuhi ya onyesho. Asubuhi hiyo mwisho haukuwepo.

Fisi akamwendea Nungunungu peke yake, mkia kaufyata.

"Dada, nitungie mwisho. Jina lako nitalitaja. Lako tu."

Nungunungu akamwaza mama yake, mstari wa mbele, masikio wazi. Akamwaza Buibui, aliyefuma mwanzo. Akamwaza Panya, aliyetafuna maneno mabovu yakaisha.

"Bwana Fisi," akasema polepole, "kisa hiki tumekibeba watatu. Ukimtaja mmoja, umesema uongo."

Jioni Kasuku akapanda jukwaani. Akasimulia Kobe alivyoteleza, alivyotumbukia kisimani, chubwi. Hapo akakwama.

"Kobe yumo kisimani," akasema. Wakangoja. "Kobe yumo kisimani."

"Tumesikia," akaguna Kiboko. "Anatokaje?"

"Kobe yumo kisimani."

Hakuna aliyeondoka. Nani akalale, na Kobe yumo kisimani? Watoto wakalia. Tembo akauliza kisima kiko wapi, akamtoe mwenyewe.

Fisi akaona ukumbi utavunjwa. Akapanda, akataja: Buibui. Panya. Nungunungu.

Mama akamgeukia jirani yake. "Huyo wa tatu ni wangu."

Ndipo watatu wakaketi, wakamtoa Kobe. Walimtoaje? Mnanitazama mimi? Watunzi ni wao.

Basi jueni: anayekuahidi wewe peke yako anakuomba uwaache wenzako. Ngano yangu nimeitua hapo. Ukiibeba kwenda nayo, mtaje aliyekutwika.